Tarehe ya Mashini Zilizopanuliwa Miguu

Naandika tarehe hii kwa sababu ya neno nililolisikia hapa Salamabila, Maniema, kutoka kwa mgeni wa Kindu, kwamba reli ni mali ya Kindu na Kongolo, na sisi wa Kabambare na Kasongo tuliiona tu ikipita. Neno hilo lisibaki bila jibu.

Kabla ya chuma kulikuwa na njia. Ilitoka Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika hadi Mtowa, ikapanda Kabambare, ikashuka Kasongo kwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ikamalizia Nyangwe kwenye mto Lualaba. Ndiyo iliyotuletea Kiswahili, mpunga na miembe, na huzuni za pembe na utumwa pia. Pagazi alibeba kama frasila mbili begani. Wazee wetu husema kwamba kila mlima wa njia ile ulijulikana kwa mguu kabla haujaandikwa kwenye karatasi ya Mzungu, nami nasadiki.

Kampuni ya reli hii, CFL, iliundwa mwaka 1902 na Baron Empain, Mbelgiji. Stanleyville, Kisangani ya leo, hadi Ponthierville treni ilianza kwenda mwaka 1906. Kindu hadi Kongolo, kilomita 355, kazi ilimalizika mwisho wa 1910. Reli iliuzunguka Mlango wa Jehanamu, pale mto unapobanwa na mawe hata mashua haithubutu. Na ndani ya kipande hicho kuna Samba. Samba ni ardhi ya Kasongo! Anayesema reli haikutugusa akasimame Samba, atazame mataruma yamelala juu ya udongo wa nani. Kabalo hadi Albertville, kilomita 273, ilifika ziwani mwaka 1915.

Hapa sina budi kusimulia ajabu ya mwaka huohuo. Waingereza, wakipigana na Wajerumani, walileta mashua mbili za vita kutoka Rasi ya Tumaini Jema, Mimi na Toutou. Zilipofika Katanga zilivutwa juu ya milima ya Mitumba kwa mashini za mvuke zinazotembea barabarani bila reli, ng'ombe wakisaidia, watu wakikata miti na kujenga madaraja mbele yake. Zikashuka Lualaba hadi Kabalo, zikapakiwa kwenye treni ya CFL, zikafika ziwani. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliikamata meli ya Wajerumani, Kingani, na Februari 1916 Mimi, pamoja na Kingani hiyo iliyotekwa, zikaizamisha meli yao nyingine, Hedwig von Wissmann. Mashua za bahari zikisafirishwa kwa gari la moshi msituni kwenda kupigana ziwani: anayesimulia hili haoti.

Nirudi kwenye reli. Upana wake ulikuwa mita moja kamili, sawa na ule wa reli ya Wajerumani iliyofika Kigoma mwaka 1914. Basi pande zote mbili za ziwa chuma kilikuwa na kipimo kimoja, na mzigo wa Maniema ulielekea Kigoma na Dar es Salaam, kulekule pagazi alikokuwa akielekea. Chuma kilikanyaga nyayo zetu. Hili ndilo dai langu.

Uso wa Maniema ulikuja kugeuzwa kwa milimita 67. Reli za Katanga zilikuwa na upana wa milimita 1,067. Ili treni ipite bila kuhamisha mzigo, mwaka 1955 CFL ilipanua njia yake, na mwaka 1956 Kabalo ikaunganishwa na Kamina. Msumari ulingʼolewa, reli ikasogezwa, msumari ukapigiliwa tena, taruma kwa taruma.

Lakini mashini je? Kichwa cha treni hakipanuliwi kama mkeka. Milimita 67 ni 33 na nusu kila upande. Fundi akilisogeza nje gurudumu zima, fimbo zinazotoka kwenye silinda hazitalingana nalo tena, itabidi kugusa kila kitu. Kwa hiyo fundi mwerevu huanza na tairi la chuma. Hulipasha moto litanuke na kutoka, kisha huvisha jingine lililo pana zaidi, ukingo wake ukiwa umesogea nje, nalo likipoa hubana lenyewe. Halafu breki husogezwa zikute tairi mahali papya. Mashini ndogo za tanki, zile zibebazo maji yao mbavuni na kuni nyuma ya dereva, ndizo zinazostahili zaidi taabu hiyo. Kwa safari ndefu zimezeeka, maji yao huisha upesi, lakini uzito wa maji yaleyale hukandamiza magurudumu yasiteleze, nazo hurudi nyuma sawasawa na kwenda mbele. Apewe mzee wa namna hiyo kazi ya kupanga mabehewa stesheni, atafanya miaka mingine mingi. Kumkata chuma chakavu ni dhuluma.

Mwaka 1974 CFL ilimezwa na kampuni ya taifa. Moshi nao uliachia dizeli nafasi.

Kipande kimoja tu hakikuguswa: Ubundu, iliyokuwa Ponthierville, hadi Kisangani, kilomita 125. Kati yake na Kindu ni maji, treni za kusini haziwezi kufika, basi hakuna aliyeona haja ya kukipanua. Mpaka leo upana wake ni mita moja, kipimo cha Kigoma.