Jamaa aliyesaga vitu vyake vyote

Haya wandugu, leo historia, ila si ya vita wala ya wakoloni. Ni historia ya mtu na vitu vyake.

Februari 2001, London, mtaa wa Oxford. Duka kubwa la nguo la C&A lilikuwa limefungwa, jengo tupu. Msanii wa Uingereza, Michael Landy, akaingia humo na kila alichokuwa nacho duniani. Kila kitu, jamani! Alishaviorodhesha kimoja kimoja: 7,227. Soksi, vyombo, barua, pasipoti, cheti cha kuzaliwa, kazi zake za sanaa, hadi gari lake, Saab. Kazi hiyo akaiita Break Down.

Kwa wiki mbili vitu vilizunguka kwenye mkanda mrefu, kama ule wa mizigo uwanja wa ndege. Landy na wasaidizi wake, ndani ya ovaroli za bluu, wakawa wanavifungua kwa mkono. Redio inakuwa skrubu, nyaya na plastiki, kisha inaingia kwenye mashine ya kusaga. Yaani kiwanda, ila kinakwenda kinyumenyume. Hakuuza hata kipande; zaidi ya tani 5 za taka zilikwenda kufukiwa.

Mbona asifanyie kiwanjani tu? Mimi naona mahali ndo nusu ya kazi yenyewe. Ule ni mtaa wa kununua. Mtu anapita na mifuko yake mipya, anachungulia, anaona mwisho wa safari ya alichobeba.

Ila kilichonigusa ni koti. Baba yake alikuwa mchimba mahandaki, ajali ya kazini ya 1977 ikamwacha mlemavu. Koti lake la ngozi ya kondoo ndo lilikuwa la mwisho kusagwa. Televisheni unaweza kuisaga bila kuwaza. Koti la mzee je? Hapo unajua kumbe vitu vingine si vitu, ni watu.

Wapo watakaosema ni ufujaji, kwetu koti kama hilo lingerithiwa mpaka na mjukuu. Sibishi. Lakini Landy angalau aliweza kuhesabu na kumaliza. Sisi leo picha na meseji zetu ziko kwenye simu, na nakala ziko kwenye kompyuta za makampuni, hata hatujui ziliko. Ukisaga simu, hujasaga kitu.

Haya niambieni: chako cha mwisho kwenye mkanda kingekuwa nini?