Mwamba Ngoma Huvutia Kwake: Majaji wa Marekani na Sheria ya Matibabu

Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Je, jaji aliyeteuliwa na rais huvutia hukumu upande wa chama cha rais huyo? Kesi za sheria ya matibabu ya Marekani zatupa kipimo kizuri cha swali hilo.

Sheria hiyo ilitiwa sahihi na Rais Barack Obama tarehe 23 Machi, 2010. Katika kura ya mwisho, hakuna hata mjumbe mmoja wa chama cha Republican aliyeiunga mkono. Iliamuru karibu kila mtu awe na bima ya afya, na asiyekuwa nayo atozwe fedha. Wala wazo hilo halikuwa geni kwa wapinzani wake: jimbo la Massachusetts lililifuata tangu mwaka 2006, chini ya Gavana Mitt Romney, naye ni mtu wa Republican.

Mashtaka yalipoanza, methali ilionekana kusema kweli tupu. Majaji Henry Hudson wa Virginia na Roger Vinson wa Florida, walioteuliwa na marais wa Republican, waliamua kwamba amri ya bima yavunja katiba. Wenzao walioithibitisha waliteuliwa na rais wa Democratic. Lakini katika mahakama za rufani, mwaka 2011, mambo yaligeuka. Jeffrey Sutton na Laurence Silberman, wateule wa Republican, waliitetea sheria. Frank Hull, mteule wa Rais Clinton, aliipinga amri ile.

Tarehe 28 Juni, 2012, Mahakama Kuu ilitoa hukumu yake. Kwa majaji 5 dhidi ya 4, amri ya bima ilisalimika. Aliyeiokoa ni Jaji Mkuu John Roberts, mteule wa George W. Bush, ambaye Obama mwenyewe, alipokuwa seneta mwaka 2005, alimpigia kura ya kumkataa. Roberts alisema kwamba serikali haina uwezo wa kumlazimisha mtu kununua bima, ila fedha anazotozwa asiyenunua zaweza kuhesabiwa kuwa kodi.

Watu wengi waliitazama hukumu hiyo tu, wakaisahau ya pili iliyotolewa siku ile ile. Sheria ilikuwa imeyataka majimbo yote yapanue Medicaid, yaani bima ya serikali kwa maskini, la sivyo yanyimwe fedha zote za mpango huo. Majaji 7 dhidi ya 2 walikataa adhabu hiyo. Na miongoni mwa hao saba walikuwamo Stephen Breyer na Elena Kagan, wateule wa Democratic. Basi kila jimbo likawa na hiari. Watunga sheria walikuwa wamedhani kwamba maskini wa chini kabisa watapata Medicaid, hivyo hawakuwawekea ruzuku ya kununua bima nyingine. Katika majimbo yaliyokataa, wengi wao wakakosa huku na huku. Hata kufikia mwaka 2024, majimbo 10 yalikuwa hayajakubali.

Mwaka 2018 sheria ilishtakiwa tena, na serikali ya Rais Trump iliunga mkono mashtaka hayo. Mwaka 2021 majaji 7 dhidi ya 2 waliyatupa, kwa kuwa walalamikaji hawakuwa na haki ya kushtaki. Kati ya saba hao walikuwamo Brett Kavanaugh na Amy Coney Barrett, wateule wa Trump.

Hapana shaka kwamba upendeleo upo. Mahakama za kwanza zaushuhudia. Lakini ajuaye kuhesabu vyama tu hajajua kusoma hukumu. Hukumu iliyowagawa majaji ndiyo iliyopigiwa kelele. Iliyowaumiza maskini ni ile ambayo majaji wa pande zote mbili walipatana kwayo. Mwanachuoni na apime ngoma yote, asimtazame mwambaji peke yake.