Kaa wa Samawati

Huko Gazi, kusini mwa Mombasa, maji yakupwapo hutoka kaa wadogo chini ya mikoko kuokota majani yaliyoanguka. Mpita njia huwaita kaa, basi. Wataalamu nao, kwa zaidi ya karne moja, hawakumshinda sana mpita njia huyo. Mwaka 1869 Mfaransa Alphonse Milne-Edwards alimwandika mmoja wao kwa jina la Kilatini guttata, yaani mwenye matone-matone, na wenzake wa Afrika Mashariki waliofanana naye wakatiwa katika jina hilohilo.

Ilikuwa mwaka 2004 David Gillikin na Christoph Schubart walipotangaza kwamba ndani ya jina moja walikuwamo kaa wawili. Tofauti yao si ya kutupia jicho na kupita. Kwa kaa wa aina hii mchunguzi hulishika gando la dume, akaangalia vinundu vilivyojipanga juu ya kidole kinachocheza, umbo lake na idadi yake. Kisha hupima gamba, akasoma vinasaba. Kaa mmoja huteuliwa kuwa kielelezo, akahifadhiwa katika makumbusho, ili atakayebisha kesho awe na pa kurejea. Wala si mambo ya makabatini tu: wale waliohesabu kaa wa mikokoni zamani wakaandika jina moja, nani ajuaye walimhesabu yupi?

Huyu mpya alihitaji jina. Kanuni zadai herufi za Kilatini, hazidai lugha yake. Nao wakachagua samawati. Neno hilo lilitoka Uarabuni likiwa na maana ya mbingu, Waswahili wakalifanya rangi, na sasa limeshuka hadi matopeni. Mshairi gani angethubutu?

Jenasi yake imekwisha kubadilishwa. Mwanzo aliwekwa katika Perisesarma. Zaidi ya miaka kumi baadaye akahamishiwa Parasesarma, na kwa desturi ya fani majina ya wale wawili yakatiwa mabanoni, ishara kwamba mtoto amehamishwa nyumba. Jirani yake, kwa kuwa jina lake ni kivumishi cha Kilatini, imempasa kugeuza mwisho kufuata jinsia ya jenasi: guttata ikawa guttatum. Samawati si Kilatini, halina jinsia ya kufuata. Limebaki kama linavyotamkwa Gazi.