Meli haifiki Roma: historia kidogo kwa wanaosafiri na watoto

Nimekuwa kimya kwa siku kadhaa, mnisamehe. Kazi za gazeti zilinibana. Leo nimerudi na jambo ambalo sikutarajia kuliandika hapa, yaani meli za kitalii za Ulaya.

Lilianza hivi. Dada yangu, mtoto wa shangazi, anaishi Leicester, Uingereza, na mumewe na wapwa zangu wawili, mmoja wa miaka sita na mwingine wa miaka mitatu. Wamedunduliza fedha kwa miaka mingi na sasa wamelipia safari ya meli ya siku saba, kutoka Barcelona na kurudi Barcelona. Alinitumia ratiba: Marseille, Livorno, Civitavecchia, Napoli, na kadhalika. Akasema, "Mdogo wangu, wewe ndiye uliyesoma historia pale Mlimani. Nipangie siku za nchi kavu. Nataka Florence nzima, Roma nzima na Pompeii."

Nilikaa nayo jioni moja, nikaona tatizo. Nilipomwambia, alikasirika kidogo. Basi nikaona niandike vizuri, maana naamini hayuko peke yake.

Tuanze na swali moja. Kwa nini meli inayoandikiwa "Roma" haifiki Roma?

Roma ni mji wa mtoni. Enzi za dola yake, mizigo iliingia kwa bandari za Ostia na Portus, kwenye mdomo wa mto Tiber. Lakini mto huleta matope, na matope hujaza bandari. Mwanzoni mwa karne ya 2, Kaisari Trajan alijenga bandari nyingine mbali kaskazini, mahali palipoitwa Centumcellae. Ndiyo Civitavecchia ya leo. Kutoka hapo hadi Roma ni kilomita kama 70, yaani kama Bagamoyo na Dar. Reli ya kuziunganisha ilifunguliwa mwaka 1859, na mpaka leo abiria wengi wa meli wanapanda treni kwenye njia hiyo.

Florence nayo iko bara kabisa. Bandari ya zamani ya eneo lile ilikuwa Pisa, nayo ikaharibiwa na matope ya mto Arno. Watawala wa ukoo wa Medici wakaijenga Livorno kuwa bandari yao katika karne ya 16. Reli ya Livorno hadi Florence kupitia Pisa ilikamilika mwaka 1848. Kwa barabara ni kilomita kama 90. Hivyo ukisoma kwenye karatasi ya safari "Florence", ujue unashushwa Livorno.

Wagiriki wa kale walilijua tatizo hili mapema. Athens haiko ufukweni, bandari yake ni Piraeus. Katika karne ya 5 kabla ya Kristo walijenga kuta ndefu mbili kutoka mjini hadi bandarini ili adui asiikate njia ile. Fikiria, msomaji, dola nzima inajenga kuta za kilomita kadhaa kwa ajili ya usafiri kati ya bandari na mji! Sisi tunadhani ni jambo la kuulizia siku ileile getini.

Na hizo ni za karibu. Meli zinazoandika "Paris" hutia nanga Le Havre, kama kilomita 200 kutoka Paris. Zinazoandika "Berlin" hutia nanga Warnemünde, zaidi ya kilomita 200. Ni sawa na mtu kukushusha Morogoro halafu akwambie karibu Dar es Salaam. Venice nayo, ambayo zamani meli kubwa zilipita mbele ya uwanja wa San Marco watoto wakiangalia toka juu, tangu Agosti 2021 Italia imezuia meli za zaidi ya tani 25,000 kupita mfereji wa Giudecca. Nyingi sasa hutia nanga upande wa viwanda au bandari nyingine kabisa. Kwa hiyo la kwanza, dada: soma jina la bandari, usisome jina la mji.

Sasa tuje kwenye muda. Hapa ndipo historia inaponishangaza.

Mwaka 1867 meli iitwayo Quaker City iliondoka New York na watalii wa Marekani kuja Ulaya na Nchi Takatifu. Mmoja wao alikuwa mwandishi wa habari kijana, Mark Twain, aliyeandika kitabu chake maarufu kutokana na safari ile. Safari ilichukua zaidi ya miezi mitano. Na hata wao walikwama. Walipofika Piraeus waliambiwa wakae karantini siku 11 au waondoke. Twain na wenzake watatu wakatoroka usiku wakatembea kwa miguu hadi Acropolis, wakarudi alfajiri. Watu wazima, bila watoto, bila kigari cha kusukuma.

Januari 1891, Mjerumani Albert Ballin wa kampuni ya Hamburg-Amerika aliona meli zake zinakaa bure majira ya baridi, kwa sababu watu hawapendi kuvuka Atlantiki wakati huo. Akaichukua meli Augusta Victoria na abiria 241, akaizungusha Mediterania kwa karibu miezi miwili. Watu wengi huitaja safari ile kama mwanzo wa utalii wa meli kama biashara. Kila bandari walishuka na kutembezwa.

Miezi mitano, kisha miezi miwili. Sasa ni siku saba. Muda umepungua sana. Na miguu ya mtoto wa miaka mitatu ni ileile ya mwaka 1867.

Hebu tupige hesabu ya siku ya Civitavecchia. Meli inatia nanga saa moja asubuhi, na abiria wote wanatakiwa wawe ndani saa kumi na mbili na nusu jioni. Ukiangalia haraka unaona saa kumi na moja na nusu. Lakini familia yenye watoto, mpaka wanywe chai, waende msalani, washuke kwenye foleni, ni saa mbili na nusu. Basi la kutoka gatini, kisha kituo cha treni, kisha treni ya saa moja na zaidi: mnafika Roma saa nne na nusu. Kurudi, msikae Roma kupita saa tisa alasiri, ili treni ikichelewa msione meli ikiondoka. Mmebakiwa na saa nne na nusu. Toeni chakula, toeni usingizi wa mdogo, toeni foleni ya Colosseum. Roma nzima iko wapi hapo?

Ukienda na basi la meli yenyewe, kwa kawaida meli itawasubiri basi likichelewa. Ukienda kivyako, haisubiri. Tofauti ya bei kubwa inatoka hapo, na kwa mtu mwenye watoto wakati mwingine inafaa kulipwa. Ukikodi gari, kumbuka sheria ya Italia inataka mtoto wa chini ya sentimita 150 awe na kiti chake cha usalama. Uliza kabla ya siku ya safari, kwa maandishi, viti viwili vya umri gani. Na kama watoto wana pasipoti za Tanzania, kila mmoja aombewe viza yake ya Schengen. Wa chini ya miaka sita halipiwi ada, lakini maombi ni lazima.

Sasa nije kwenye meli niliyotaka kuwasimulia tangu mwanzo, maana ndiyo iliyonifundisha.

Mwaka 1952 ilizinduliwa kule Glasgow meli iliyoitwa Uganda. Ndiyo, meli ya baharini yenye jina la nchi isiyo na bahari. Ilikuwa ya kampuni ya British India, na pamoja na dada yake, Kenya, ilifanya safari za London na Afrika Mashariki kupitia Suez: Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam na kuendelea kusini. Msomaji, kama babu yako alifanya kazi bandarini miaka ya 1950, huenda aliiona. Maofisa wa kikoloni na familia zao walisafiri nayo. Baadaye ndege zikachukua abiria, uhuru ukaja, na mwaka 1967 mfereji wa Suez ukafungwa kwa vita. Mwaka uleule Uganda iliondolewa kwenye njia yetu.

Haikuuzwa chuma chakavu. Ilipelekwa Hamburg ikafanyiwa ukarabati, na mwaka 1968 ikatoka ikiwa meli ya shule. Ilikuwa na mabweni ya wanafunzi zaidi ya 900, madarasa na ukumbi. Kampuni ile ilikuwa na uzoefu tayari: ilianza kupeleka watoto wa shule baharini miaka ya 1930, na miaka ya 1960 ilikuwa na meli nyingine kama Dunera, Devonia na Nevasa. Watoto wa Uingereza walizunguka Mediterania na Skandinavia kwa kama wiki mbili, kwa bei ambayo wazazi wa kawaida wangeweza kudunduliza.

Tazama walivyopanga. Kabla ya kufika bandari, watoto walifundishwa kuhusu mahali wanapokwenda. Asubuhi waligawanywa kwa makundi ya shule zao, kila kundi na mwalimu wake. Mabasi yaliwangoja. Na hao hawakuwa watoto wa miaka mitatu, wengi walikuwa wa sekondari. Bado watu wazima waliobobea walikaa chini wakapanga nani anashuka na nani, anapanda basi lipi, anarudi na nani.

Mpango ule ulipimwa Aprili 1982. Argentina ilikuwa imevichukua visiwa vya Falkland, na serikali ya Uingereza ikaihitaji meli haraka. Uganda ilikuwa Alexandria, Misri, ikiwa katikati ya safari, na watoto zaidi ya 900 ndani. Ikaamriwa iende Napoli. Tarehe 13 Aprili watoto wote wakashushwa pale, wakarudishwa kwao kwa ndege. Meli ikaenda Gibraltar, na kwa siku chache tu mabweni yao yakageuzwa wodi. Ikaenda kusini ikiwa hospitali, ikahudumia majeruhi zaidi ya 700.

Nimeifikiria sana siku ile ya Napoli. Watoto zaidi ya 900, mji wa kigeni, mpango umevunjika bila mtu kutarajia, na wote wamefika nyumbani. Iliwezekana kwa sababu tangu mwanzo kila mtoto alikuwa na kundi na kila kundi lilikuwa na mtu mzima anayejua majina yao. Hilo ndilo nililomwambia dada. Msipange vitu vya kuona kwanza. Pangeni nani yuko na mtoto gani, na nini kinafanyika mpango ukivunjika saa sita mchana.

Nikamwandikia hivi. Livorno, acheni Florence, nendeni Pisa, treni ni kama robo saa. Watoto watafurahia mnara uliopinda kuliko picha za Uffizi. Au msitoke Livorno, kuna jumba la samaki ufukweni pale Terrazza Mascagni. Napoli, meli inatia nanga katikati ya mji, mbele ya ngome ya Castel Nuovo. Tembeeni kwa miguu, kuleni piza, mrudi mapema. Pompeii ina mawe na jua, kigari cha mtoto kitawatesa, mchukue mbeleko. Jambo moja kwa siku, baasi.

Akanijibu kwa simu, sauti imebadilika. "Kwa hiyo nifike mpaka mlango wa Roma nirudi? Unajua nimesubiri miaka mingapi?"

Nilinyamaza. Ni kweli, mimi nasema tu toka Dar, yeye ndiye aliyefanya kazi za zamu za usiku kupata nauli ile. Historia yangu ilikuwa inahesabu kilomita na saa, ikamsahau msafiri mwenyewe.

Tukarudi kwenye somo la Uganda: makundi. Siku ya Civitavecchia dada ataondoka asubuhi na basi la meli pamoja na yule wa miaka sita, anayejua kutembea na kusikiliza. Shemeji atabaki na mdogo. Watazunguka ngome ya Forte Michelangelo iliyo palepale bandarini, watacheza ufukweni, mtoto atalala kitandani kwake melini. Siku ya Napoli wanabadilishana, shemeji anapata Pompeii yake. Livorno wanakwenda wote pamoja.

"Hiyo nimeikubali," alisema. "Ila usiwaambie watu nilikasirika."

Samahani dada, nimeshawaambia.

Nanyi wasomaji wenye ndugu ughaibuni wanaopanga safari kama hii na watoto, wafikishieni. Haraka haraka haina baraka, na kwenye gati la Civitavecchia nadhani methali hii inafaa kuliko mahali pengine popote. Tukutane tena wiki ijayo, Mungu akipenda.