Fikra za ardhi zilizowasha vita vya Mau Mau na kuamua mavuno yake

MKULIMA wa kahawa huko Kanyakine, Imenti Kusini, anapohifadhi hatimiliki ya shamba lake sandukuni, huenda asijue kuwa karatasi hiyo ni zao la ubishi wa kifalsafa uliomwaga damu katika misitu ya Mlima Kenya.

Mwishoni mwa karne ya 17, mwanafalsafa Mwingereza John Locke alifundisha kuwa ardhi huwa mali ya mtu anapoitolea jasho. Kwa fikra za namna hiyo, walowezi waliona malisho na mashamba yaliyopumzishwa kuwa ardhi tupu. Sheria ya mwaka 1915 iliweka hata ardhi waliyoishi Waafrika chini ya Mfalme wa Uingereza, na uamuzi wa mahakama wa 1921 ukawafanya wenyewe wapangaji tu.

Wenyeji walikuwa na falsafa yao: ardhi ni amana ya ukoo, ya mababu na ya watakaozaliwa. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938, alieleza jinsi ardhi ilivyobeba uchumi, ibada na undugu wa Wakikuyu. Kiapo cha Mau Mau kiliunganisha ardhi na uhuru kuwa dai moja. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 20, 1952. Huku Meru, Musa Mwariama na Baimungi wakaongoza wapiganaji msituni, ingawa serikali ililitumia baraza la wazee la Njuri Ncheke kukipinga kiapo hicho.

Lakini mwaka 1954, vita vikiendelea, serikali ilianzisha Mpango wa Swynnerton: kupima mashamba, kutoa hatimiliki kwa mtu binafsi na kupanua kilimo cha kahawa na chai. Lengo halikuwa kilimo pekee, bali kuzalisha wakulima wenye mali ya kupoteza. Hapo, kwa maoni yetu, ndipo matokeo yalipoamuliwa, wapiganaji wangali msituni.

Uhuru ulipopatikana 1963, mashamba ya walowezi yalinunuliwa kwa mikopo, nao waliotoka msituni hawakuwa na fedha. Baimungi alirudi msituni akidai ardhi. Aliuawa na vikosi vya serikali mwaka 1965. Mwariama aliaga dunia mwaka 1989, na marufuku dhidi ya Mau Mau ikaondolewa 2003.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 61, inasema ardhi yote ni ya Wakenya kwa pamoja, kama taifa, jamii na watu binafsi. Kifungu cha 40 kinalinda mali ya mtu binafsi. Falsafa zote mbili sasa zimo katika kitabu kimoja.