Thika: jiografia na hali ya hewa

Thika ni mji wa viwanda katika Kaunti ya Kiambu, Kenya, takriban kilomita 40 kaskazini-mashariki mwa Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Mito ya Thika na Chania, yote ikitoka milima ya Nyandarua, hukutana hapa baada ya kila mmoja kuporomoka kwenye maporomoko yake. Kutoka hapo maji huelekea mto Tana. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Nairobi hutoka kwenye bwawa la Ndakaini, lililojengwa juu zaidi kwenye mto huohuo wa Thika.

Masika hunyesha Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Julai huwa na baridi na mawingu mazito, ingawa ikweta iko karibu.

Magharibi, kuelekea Gatundu, udongo ni mwekundu, wenye rutuba, na mvua ni nyingi zaidi. Ndiko kahawa na chai hustawi. Mashariki, kuelekea mlima Kilimambogo wenye mita 2,145, nchi hukauka na mashamba ya mananasi hutanda. Ruiru, upande wa Nairobi, ina kituo cha utafiti wa kahawa, lakini mashamba yake mengi ya kahawa yamegeuka mitaa ya makazi.