Uteuzi wa wachezaji wa NHL

Uteuzi wa wachezaji wa NHL ni utaratibu wa kila mwaka ambao timu za ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada (NHL) hugawana haki ya kuwasajili wachezaji chipukizi. Wengi wao wana umri wa miaka 18 hivi. Mchezaji hachagui timu, bali timu ndiyo humchagua. Uteuzi huu unajulikana kwa kutotabirika kwake.

Historia

Zamani timu ziliwafunga vijana kwa mikataba kupitia klabu za vijana zilizodhaminiwa nazo. Uteuzi wa kwanza ulifanyika mjini Montreal, Kanada, tarehe 5 Juni 1963, ligi ikiwa na timu 6 tu. Wachezaji 21 waliteuliwa, wa kwanza akiwa Garry Monahan.

Utaratibu

Tangu mwaka 2005 uteuzi una raundi 7. Timu dhaifu hutangulia kuchagua ili zipate nafasi ya kuimarika. Ili timu zisipoteze mechi makusudi, tangu 1995 nafasi za mwanzo huamuliwa kwa bahati nasibu.

Ugumu wa kutabiri

Wasaka vipaji huwafuatilia vijana kwa miaka kadhaa, lakini mara nyingi hukosea. Mwaka 1993 Ottawa Senators walimteua Alexandre Daigle kuwa wa kwanza. Alicheza mechi 616 za NHL bila kufikia matarajio. Chris Pronger, aliyeteuliwa wa pili, alikuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2000.

Mwaka 1984 Los Angeles Kings walimteua Tom Glavine katika nafasi ya 69, naye akachagua besiboli, ambako alipata sifa kubwa. Luc Robitaille waliyemteua wa 171 ndiye aliyekuja kuwa mmoja wa wafungaji wakubwa wa hoki.

Detroit Red Wings waliwapata Pavel Datsyuk katika nafasi ya 171 (1998) na Henrik Zetterberg katika nafasi ya 210 (1999). Wote wawili walitwaa Kombe la Stanley mwaka 2008. Martin St. Louis hakuteuliwa kabisa, lakini mwaka 2004 alikuwa mchezaji bora wa ligi.

Sababu

Kijana wa miaka 18 bado anakua kimwili na kiakili. Mabao aliyofunga dhidi ya vijana wenzake hayaonyeshi vizuri atakavyocheza dhidi ya watu wazima. Ligi za vijana nazo hazilingani kwa ubora. Makipa huchelewa kukomaa: Henrik Lundqvist, aliyeteuliwa wa 205 mwaka 2000, alianza kucheza NHL mwaka 2005. Majeraha, makocha na bidii ya mchezaji mwenyewe huamua mengi baada ya siku ya uteuzi.